ARV: Tunaogopa dawa ambazo hazipo tena kabatini

Kama unaishi mjini na una masikio mawili, maneno haya umeshayasikia. Eti ARV zinamnyonya mtu mashavu mpaka anatambulikana akiwa upande wa pili wa barabara. Eti ukianza kuzimeza na huna hela ya kula nyama na matunda kila siku, utakufa kabla ya wakati wako. Eti zinarusha akili, mtu anaota ndoto za ajabu na asubuhi anapepesuka kama mlevi. Na lile linalotisha kuliko yote: fulani alikuwa mzima, akaanza dawa, mwezi haujaisha tukamzika.

Watu wanaosema hivi hawadanganyi. Karibu kila neno hapo juu lina ukweli ndani yake, ila ni ukweli wenye tarehe. Ni habari za dawa za mwaka 1987, za 2004, za 2012. Dawa zenyewe zimeshaondoka kwenye makabati ya kliniki, kumbukumbu zake zimebaki vijiweni. Na mtu anayepimwa leo akakutwa na VVU, akaenda nyumbani "kujifikiria kwanza", mara nyingi anaogopa kitu ambacho hata hatapewa.

Ndiyo maana leo nataka tupige historia kidogo. Hakuna njia nyingine ya kumwambia mtu ategemee nini akianza dawa bila kwanza kumweleza hofu yake ilitoka wapi. Kaa vizuri, ni safari ndefu.

Tuanzie Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini waliripotiwa mkoani humo. Ugonjwa haukuwa na jina, wenyeji wakaupa la kwao: Juliana, kutokana na nguo zilizokuwa zikivushwa kutoka Uganda na kupendwa sana na vijana wakati huo. Ng'ambo ya mpaka uliitwa Slim, nasi tukaufanya "silimu". Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Na sisi tunavyojua kucheka msibani, herufi AIDS zikapata tafsiri ya mtaani: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Tulicheka kwa sababu hapakuwa na la kufanya. Hospitali ilikuwa na dripu, dawa za kuhara na dawa za fangasi za mdomoni. Basi.

Huko Marekani, Machi 1987 iliidhinishwa dawa ya kwanza, AZT. Haikuwa mpya: ilitengenezwa mwaka 1964 na mwanasayansi Jerome Horwitz aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani, ikashindwa, ikawekwa kando. Iliporudi kwa ajili ya Ukimwi, bei yake ilikuwa karibu dola 10,000 kwa mwaka. Ilimezwa kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na wagonjwa walitembea na vikasha vya dawa vyenye kengele. Kwa dozi kubwa za wakati ule ilikausha damu, wengine wakahitaji kuongezewa. Na baada ya tabu yote hiyo, virusi viliizoea dawa hiyo moja, mgonjwa akarudi alipokuwa. Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno kwamba dawa za Ukimwi ni sumu na hazisaidii. Kwa mwaka 1987 ungeweza kulitetea.

Kwetu Afrika Mashariki hata sumu hiyo hatukuiona. Tuliona matumaini ya kuazima. Mwaka 1990 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron, na Rais Moi mwenyewe akaibeba kama ushindi wa Afrika. Watu walisafiri kutoka mbali kuifuata. Majaribio yaliyofuata katika nchi mbalimbali yakaonyesha kwamba haina uwezo uliodaiwa. Lishike hilo, tutalirudia.

Mwaka 1996 ndio mwaka mkubwa. Katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Vancouver, Kanada, watafiti walionyesha kwamba ukimpa mgonjwa dawa tatu kwa mpigo, virusi vinakosa pa kutorokea. Kukwepa dawa moja ni rahisi kwa kirusi. Kukwepa tatu kwa wakati mmoja karibu haiwezekani. Vifo vya Ukimwi Marekani vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1996 na 1997. Watu waliokuwa wameshaandika wosia wakaanza kutafuta kazi. Mzigo wake, hata hivyo, haukuwa mdogo: wengine walimeza vidonge hadi 20 kwa siku. Dawa moja ya kundi hilo, indinavir, ilimezwa kila baada ya saa 8 tumbo likiwa tupu, na maji mengi juu yake ili isije ikatengeneza mawe kwenye figo.

Bei ya dawa hizo tatu ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Hebu fikiria. Desemba 31, 1999, Rais Mkapa alitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Dawa ipo, inajulikana, inafanya kazi, na mwalimu wa shule ya msingi wa Makete anakufa kwa sababu amezaliwa kwenye upande wenye fedha nyepesi. Mimi huwa nakiita kipindi hiki, kati ya 1996 na 2004, miaka minane ya aibu ya dunia.

Na aibu ilikuwa na wasemaji wake. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Andrew Natsios, alitoa hoja kwamba kugawa ARV Afrika kutakuwa na shida kwa sababu Waafrika wengi hawajui kuangalia saa, hivyo hawataweza kumeza dawa kwa wakati. Sisi! Watu ambao hatukuona sababu ya kuanza kuhesabu siku usiku wa manane, tukaamua saa moja ni pale jua linapokuwa limeshatoka! Jibu lilikuja mwaka 2006, pale uchambuzi uliochapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, ulipojumlisha tafiti nyingi. Afrika, asilimia 77 ya wagonjwa walikuwa wakimeza dawa inavyotakiwa. Amerika ya Kaskazini, asilimia 55. Hilo ndilo jibu la watu wasiojua saa.

Bei ilivunjwa na Mhindi mmoja. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alisema anaweza kuuza dawa hizo tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Soko likatikisika. Aprili mwaka huohuo kampuni 39 za dawa ziliondoa kesi zilizokuwa zimeifungulia Afrika ya Kusini kwa sababu ya sheria yake ya dawa. Novemba, mkutano wa biashara wa Doha ukakubali kwamba hakimiliki isizuie nchi kulinda afya za watu wake. Mwaka 2002 ukaanza Mfuko wa Dunia, na 2003 Rais Bush akatangaza mpango wa PEPFAR wa dola bilioni 15 kwa miaka 5. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizochaguliwa, na Oktoba 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo maneno mengi ya mtaani yalipozaliwa.

Kuanza dawa mwaka 2004 au 2005 kulikuwa hivi. Kwanza upimwe CD4, yaani askari wa mwili, na mashine zilikuwa chache. Dawa ulipewa kama CD4 zimeshuka chini ya 200, au kama ugonjwa umeshafika mbali. Ukiwa na 320 uliambiwa nenda, utarudi. Yaani mfumo wenyewe ulikusubiri uumwe! Ukishakubalika ulipitia vikao vya ushauri nasaha, na kwa kawaida ulitakiwa uje na mtu wa karibu atakayekukumbusha kumeza, maana yake ulilazimika kumwambia mtu siri yako kabla hujapata hata kidonge kimoja.

Matokeo yake ni nini? Wengi walifika kliniki wamebebwa. Kifua kikuu kilikuwa kimeshaota mizizi, uti wa mgongo umeshashambuliwa, mwili umebaki mifupa. Dawa zilianza kazi, lakini kwa baadhi yao muda ulikuwa umekwisha, wakafa katika miezi ya mwanzo. Jirani aliyekuwa akichungulia dirishani hakuiona CD4 ya 20. Aliona mtu ameanza dawa, kisha jeneza. Naam, hivyo ndivyo "fulani alianza dawa akafa" ilivyozaliwa. Kilichomuua ni kuchelewa, ila kuchelewa hakuonekani kwa macho, kidonge kinaonekana.

Kuna jambo jingine lililowachanganya watu. Askari wa mwili wakiamka baada ya kulala muda mrefu, wanaweza kuwashambulia kwa nguvu wadudu waliokuwa wamejificha, hasa wa kifua kikuu. Mgonjwa aliyechelewa anapata homa na tezi kuvimba wiki chache baada ya kuanza, na kwa nje anaonekana kama dawa imemzidishia. Ndiyo sababu mpaka leo ukianza utaulizwa sana kuhusu kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito.

Halafu dawa zenyewe. Wengi walianzishwa mchanganyiko wa stavudine, lamivudine na nevirapine, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, asubuhi na jioni. Iliokoa maisha ya watu wengi sana na ilikuwa rahisi, lakini ilikuwa na deni. Nevirapine iliweza kuleta vipele na kuchosha ini, kwa hiyo kwa siku 14 za mwanzo ulianza na nusu ya dozi yake, na wachache walibabuka ngozi vibaya. Stavudine ilichoma nyayo kama moto na kuwatia watu ganzi. Kwa waliokaa nayo muda mrefu, iliyahamisha mafuta ya mwili: mashavu yakaingia ndani, miguu ikawa fito zenye mishipa, wakati dawa zikiwa zimewarudishia uhai. Kwa sura tu, mtaa ukajua nani "amekanyaga miwaya". Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka nchi ziachane na stavudine mwaka 2009. Ikaondoka. Yale mashavu hayajaondoka kwenye mazungumzo yetu.

Na lile la chakula? Mtu aliyekuwa hawezi kumeza hata uji, dawa zikimshika anapata njaa ya ajabu, mwili unadai ulichonyimwa. Katika nyumba yenye mlo mmoja kwa siku, njaa hiyo ilikuwa mateso ya kweli, na wengine waliacha dawa kwa ajili yake. Njaa ya mtu anayepona ikageuzwa kuwa sharti: huna hela ya msosi, usianze. Hapana. Kula vizuri kunamsaidia kila mtu, mwenye VVU na asiye nayo. Umaskini haujawahi kuwa sababu ya kitabibu ya kukosa ARV.

Julai 14, 2007, Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani viwanja vya Mnazi Mmoja kuzindua kampeni ya upimaji, na foleni zikaongezeka. Katika miaka iliyofuata ikaenea efavirenz, iliyomezwa usiku. Hiyo ndiyo ya ndoto na kizunguzungu. Wengi walizoea baada ya wiki chache, wachache walivurugikiwa kabisa.

Kisha ikaja 2011, Loliondo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Samunge, na kikombe cha shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, na ndani yake hawakuwamo wasiosoma peke yao. Walikuwamo wasomi, wakubwa na waandishi wa habari. Wapo waliokunywa wakaacha ARV. Virusi havikutoka kwa sababu ya kikombe, vilirudi kazini, vingine vikiwa vimeshaijua dawa ya zamani. Unakumbuka Kemron? Miaka 21 imepita katikati, kiu ileile. Mimi siwacheki waliopanda yale magari. Mtu aliyechoka kumeza dawa kila siku ya maisha yake anatamani mno kusikia neno "mwisho". Ila neno hilo bado halipo, na anayekuuzia anakuuzia uongo.

Wakati huohuo mlango wa kliniki ulikuwa ukipanuka. WHO ilipandisha kiwango cha kuanza dawa kutoka CD4 200 hadi 350, mwaka 2013 hadi 500, na 2015 ikafuta kiwango kabisa, baada ya utafiti mkubwa kuthibitisha kwamba anayeanza mapema anaugua na kufa kidogo kuliko anayesubiri. Tanzania ilianza mwaka 2016: ukipimwa ukakutwa na VVU, unaanza, hata kama unacheza mpira kila jioni. Na mwaka 2019 ukaingia mchanganyiko unaotumika mpaka sasa, TLD, yaani tenofovir, lamivudine na dolutegravir.

Basi ukianza leo utegemee nini?

Kidonge kimoja, mara moja kwa siku, bure. Unachagua saa yako na kuishikilia, umekula au hujala. Anayefunga Ramadhani anaweza kukimeza wakati wa futari au daku, azungumze tu na mhudumu wake mapema. Kliniki ya tiba na matunzo, maarufu CTC, itakupa kadi, itakuuliza kuhusu kifua kikuu, na itaangalia afya yako kwa ujumla. Wengi wanaanza siku ileile au ndani ya siku chache, na hakuna anayekulazimisha kama hujawa tayari.

Wiki za mwanzo kichwa kinaweza kuuma kidogo, tumbo kuchafuka, usingizi kuruka. Kwa wengi hupita. Usingizi ukikusumbua, hamishia kidonge asubuhi. Baadhi wananenepa, tena zaidi ya walivyotaka (angalia kichekesho cha historia, hofu ya kwanza ilikuwa kukonda!). Wenye matatizo ya figo lazima waseme, kwa sababu ya tenofovir. Wanaomeza dawa za kifua kikuu zenye rifampicin huongezewa dozi ya dolutegravir. Dawa za kiungulia na vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vinaweza kuizuia isifyonzwe vizuri, kwa hiyo usimfiche mhudumu hata dawa ya duka la mtaani. Ukiona vipele vyenye homa, macho kuwa ya njano, au pumzi kubana, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda.

Baada ya miezi 6 utapimwa wingi wa virusi kwenye damu. Hicho ndicho kipimo cha kukisubiri. Virusi vikifubaa mpaka visionekane, safari za kliniki zinapungua, na wengi hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Na kuna zawadi ambayo mtu wa mwaka 2004 hakuahidiwa: mwenye virusi visivyoonekana, anayeendelea na dawa, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Utafiti uitwao PARTNER, uliochapishwa 2016 na 2019, ulifuatilia wapenzi mamia kwa mamia ambao mmoja ana VVU na mwenzake hana, wakikutana bila kondomu. Hakuna hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenzi ambaye virusi vyake vimefubaa.

Ukiacha, je? Virusi vimejificha mwilini, havijafa. Vinarudi ndani ya wiki chache. Ukisahau siku moja, kimeze unapokumbuka, kisha endelea na ratiba yako, usijihukumu.

Upimaji wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wenye VVU nchini, takriban asilimia 83 walikuwa wanajua hali yao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 98 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Soma tena. Wanaoanza wanafanikiwa. Pengo kubwa liko kabla ya mlango, kwa wale ambao hawajapima, na ninaamini wengi wamezuiwa na stori za stavudine.

Lakini nisiwadanganye kwamba hofu zote zimezeeka. Moja ni mpya. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ingawa huduma za kuokoa maisha ziliruhusiwa baadaye kuendelea, mtikisiko ulikuwa mkubwa na wafanyakazi wengi wa miradi walipoteza kazi. Tulikumbushwa ghafla kwamba kidonge tunachokiita cha bure kina mtu anayekilipia, na kwa sehemu kubwa mtu huyo hakuwa sisi. Bei siku hizi iko chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Ile ya 1996 ingetushinda kweli. Hii ya leo tutasema imetushinda kwa sababu gani?

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimsikia mtu kijiweni anasema ARV zinanyonya mashavu, usimbishie. Muulize tu: za mwaka gani? Na kama bado hujapima, jiulize na wewe hofu uliyonayo ni ya mwaka gani.

Tafakari.